Herufi Shilingi Ishirini

Bei yangu hapa Luanda kila mtu anaijua:
herufi moja, shilingi ishirini,
nukta bure, mkwaju bure
ukiniletea chai.

Wafadhili walikuja na karatasi iliyopigwa chapa:
DUKA LA VIWETE.
Nikaandika. Nyekundu, kivuli cheusi kila ukingo,
V yenye mkia. Nikajisifu mwenyewe.
"Watu wakiona hivyo," walisema,
"huruma itawaingia, watanunua."

Asubuhi Kadenyi akafika,
magongo mawili, gundi vidoleni.
Akasoma. Kimya.
"Asiligwa, hebu niambie:
viti, visu, vikombe,
na mimi?
Ngeli tulifundishwa wote darasa la tano.
Uliyanakili majibu yangu, au umesahau?"

Sikuwa nimesahau.
Nikakimbilia maneno ya redioni:
"Basi niandike WATU WENYE ULEMAVU."
Nikahesabu kwa vidole. Kumi na sita.
Mia tatu na ishirini.

"Hayo ni maneno mazuri," akasema.
"Yapeleke Mbale, kwenye kikao cha kaunti,
wakiulizana ngazi za benki
zilijengwa zipandwe na nani.
Huko nataka niitwe hivyo, mtu kwanza.
Lakini hapa nauza viatu.
Huruma haishoni soli.
Mbona ubao wa Chogo hapo ng'ambo
haujaandikwa DUKA LA MWENYE KIPARA?"

Chogo mwenyewe alisikia,
akavaa kofia.

Nikachukua msasa.
VI nikaiacha, ule mkia ulinitoa jasho.
WETE nikaikwangua mpaka ubao ukatoa unga,
nikapaka nyeupe, ikakauka, nikaandika ATU.
DUKA LA VIATU.
Ile VI ikabaki na wenyewe.

"Na chini?" nikauliza.
"Chini weka KADENYI NA WENZAKE."
Nikahesabu tena, nikarudia:
kumi na sita.
Akanilipa noti moja moja, zimenuka ngozi,
hakuomba apunguziwe hata nukta.

Hiyo ni miaka minne sasa.
Rangi yangu si ya bei ghali, nakiri.
Kila mvua za Aprili zikipiga ubao ule
W huchungulia chini ya ATU,
hafifu, kama mtu anayesengenya nyuma ya pazia.
Hutoka na kopo la nyeupe
kabla wenye mboga hawajatandaza magunia,
napaka, narudi nyumbani.

Hiyo sitozi.