Mraba Mweusi

Wamenipa kioo.
Kizito, kimechongwa mfano wa ulimi wa moto,
chini yake jina langu, Zuwena binti Khalfan,
na maneno ya dhahabu: Kiongozi wa Elimu kwa Mtandao.
Hoteli ya Al-Khuwair, kiyoyozi kinauma magoti.
Mgeni rasmi ananikabidhi huku akitazama kamera,
nami naitazama kamera, mazoea tu,
kama kwamba ndani yake mna watoto thelathini na mmoja.

Mwaka ule hawakuwamo.
Mlikuwamo miraba.
Darasa la tano, hisabati, saa moja na nusu asubuhi,
mimi Ibra, chumba cha kupigia pasi,
shuka nimelitundika nyuma lifiche marundo ya nguo,
kompyuta juu ya gunia la mchele.
Nauliza: mnanisikia?
Miraba kimya.
Nauliza: mnaniona?
Mmoja anaandika: mwalimu, tunaona dari.

Ghaniya alikuwa mraba mweusi wenye herufi moja.
Hakufungua kamera hata siku moja.
Mkaguzi alisema: asiyeonekana, mwandike hayupo.
Nikamwandika hayupo.
Siku nne.
Kwa mkono huu huu ulioshika kioo.

Siku ya tano tulikuwa kwenye sehemu,
nusu, robo, thumni, nafundisha kwa Kiarabu:
nani atanigawia mkate mmoja kwa watu sita?
Hakuna. Kisha kipaza sauti kikafunguka
pasi na mtu kujua, nyumba nzima ikamiminika darasani:
jogoo, bomba linalovuja, kitoto kinacholilia maziwa,
na sauti ya mwanamke, Kiswahili kitupu, cha Ng'ambo hasa:

"We Ghaniya! Hiyo simu imebaki asilimia tisa,
na kaka yako ana mtihani saa mbili.
Hebu fanya hima. Na huo mkate usiumalize,
kata sita, baba yenu hajala."

Nami, mwalimu wa serikali, niliyeapa
lugha ya nyumbani ibaki nyumbani
(tulichekwa nayo skuli, mimi na dada zangu,
tukaimeza kama dawa ya minyoo),
nikajibu kabla sijajizuia:
"Sudusi, mama. Kila mtu atapata sudusi."

Darasa likaganda. Hata jogoo.
Kisha mama, taratibu, kama anayechungulia kisima:
"Nani huyo?"
"Mwalimu."
"Mwalimu gani anayezungumza hivi?"

Sikuwa na jibu. Ghaniya ndiye aliyejibu,
si mama yake, mimi, kwa Kiarabu kilichonyooka:
suds, mwalimu. Moja juu ya sita.
Neno ni lile lile. Lilivuka maji,
likarudi limenenepa irabu
kama mtoto aliyelelewa na bibi.

Usiku ule nilikaa na gunia langu la mchele
nikayakata masomo.
Somo la dakika arubaini nikalifanya vipande sita,
sauti tupu, vyepesi, kipande kimoja hakili
hata asilimia moja ya betri.
Nikavituma alfajiri, kabla kaka hajaamka na mtihani wake.
Mwezi haukwisha, walimu wa Sinaw wakaniomba,
kisha Bahla, kisha Sur,
kisha barua ikaja kutoka wizarani yenye neno ubunifu.

Haya, ubunifu.
Mimi nayaita asilimia tisa.

Nimerudi Ibra usiku, nimekiweka kioo chumba cha pasi.
Kinapendeza, siwezi kusema uongo.
Nimefungua kompyuta, daftari la mahudhurio la mwaka ule,
nimemtafuta Ghaniya, zile siku nne,
nimebofya "hayupo" niandike "yupo".
Nimebofya tena.
Mfumo unajibu kwa adabu sana:
mwaka huu umeshafungwa.