Mbili Nukta Tatu

Machi niliingia Valdivia na sanduku la kamba,
nusu gunia la viazi vya zambarau
na usia wa baba, Eliecer, alionipa fericha ikinguruma:
"Usiwaonyeshe kwamba hujui."
Nikaufutika kibindoni, nikaenda nao darasani.

Kwa hiyo sikuuliza maktaba iko upande gani.
Siku tisa nilisoma ngazini,
chini ya taa inayozimika usipojitikisa,
nikipunga mkono kila baada ya aya mbili
kama ninayeaga mtu asiyeondoka.

Bi Nolfa, mwenye nyumba, alihesabu kuni.
Vipande vinne kwa jioni. Cha tano, deni.
Hesabu ile haikuwamo katika ratiba ya chuo:
jozi sita za soksi, jiko moja,
mvua ya siku kumi na saba.

Niliishi chumba kimoja na Yasna wa Calama,
binti wa jangwa; kwao mvua ni habari ya gazeti.
Ya kwanza aliipokea uani, akalowa chapachapa, akicheka.
Mwezi ukapita, akaacha kucheka.
Kisha akaacha kula,
nami nikadhani anaringa.
Wiki nzima nilikula viazi vyangu nimempa mgongo,
hadi nilipofungua kabati lake nikitafuta kiberiti
nikaona vifuko vya chai vimeanikwa kwenye uzi,
vikingoja kutumika mara ya tatu.
Hakuna kingine.
Usiku ule nilimenya viazi vingi kuliko tulivyoweza kumaliza.
Hatukusemezana. Alikula na maganda.

Jumapili mama akipiga simu:
"Naendelea vizuri."
Uongo nao una misuli; ukiuzoeza, unabeba.

Juni, mtihani wa udongo: mbili nukta tatu,
ambapo saba ndiyo kilele na nne ndiyo kupona.
Mimi! Niliyejifunza kutambaa kati ya matuta,
niliyekula udongo kabla sijala mkate.

Profesa Oyarzo aliniita.
Nilijiandaa kwa karipio; nilijiandaa zaidi kwa pole.
Akaweka bonge mezani, jeusi, jepesi,
majivu ya volkano yaliyochoka kuwa majivu.
"Mbona uliujibu kwa macho?"

Nikanyamaza. Ningesemaje
kwamba njia niijuayo ni ya baba,
kutema mate kiganjani, kufinyanga,
kuusukuma utepe kwa kidole gumba mpaka ukatike,
na kwamba niliona haya kutema
mbele ya vijana wa Santiago
na chupa zao za maji yaliyochujwa?

Yule mama akavua pete,
akaiweka juu ya karatasi yangu, palepale penye alama.
Akatema.

Septemba nilipata nne nukta moja,
nikailia kuliko ile ya kwanza.
Sijui kwa nini.
Tazama, nimelitamka.
Neno dogo hilo lilinigharimu miezi sita
na ndama mmoja wa baba.

Sasa ni Januari, niko Chiloé, matopeni.
Baba ameinama penye shamba la mwaka ujao,
ulimi unatafuta mate.
"Haya, wamekufundisha nini huko?"

Jina la udongo huu ninalo.
Lina silabi nyingi, nimelikariri usiku kucha,
linanikaa kooni kama mwiba wa samaki.
Utepe wake unatoka, mfupi, unakatika;
anaguna, ameridhika na jambo
ambalo bado silioni.

"Nionyeshe tena," nasema. "Wangu hukatika vibaya."

Ananitazama kitambo,
kama mtu aliyesikia mlango wa nyumba yake
ukigongwa kutoka ndani.
Kisha anafuta kiganja kwenye suruali,
anasogea kidogo,
ananiachia nafasi ya magoti mawili.
"Mate kwanza," anasema. "Na usiwe bahili."