Nyumba Haikuambiwa

Soketi nilizinunua Luthuli, orofa ya pili,
kwa kijana aliyeapa kuwa zinasikia Kiswahili.
Hazisikii. Ukisema "zima" zinakuuliza upya,
ukizifokea kwa Kikamba
zinanyamaza kama mgeni aliyetukanwa.

Kathini ana miaka tisa. Shuleni ameambiwa
kuwa tarehe thelathini na moja Oktoba
wafu hupewa ruhusa ya jioni moja.
"Kama likizo fupi," akasema, "ile ya katikati ya muhula."

Basi tukaanza kazi.
Taa ya ngazini tukaifunza kutetemeka
kila mguu unapogusa kipandio cha sita.
Pazia la mota tukalipa amri: fungua, funga, fungua,
polepole, kama jicho la mgonjwa.
Boga la Marikiti tukalitoboa macho,
ndani tukatia balbu ya kijani;
nyama yake tumeila siku tatu.

Susu, aliyekuja kutoka Mwingi kutibiwa goti,
aliona utando wa buibui kwenye pakiti.
"Umeununua? Kwa pesa?"
Akaelekeza ufagio darini,
alikoufagia wa bure asubuhi hiyo hiyo.

Spika ilikuja na mbwa mwitu wa nchi za theluji.
Susu akamsikiliza mara moja.
"Huyo ana njaa tu. Wekeni bundi.
Bundi hana haja ya kupaza sauti."
Tukaweka bundi.
Bi Akeyo wa chini akapanda na slipa moja:
"Nani amekufa?"
"Hakuna. Ni mtambo."
Akatazama nyuma ya bega langu, akashuka bila kuaga.

Tulipungukiwa sauti moja tu, ya kicheko cha chooni.
Kathini akasema kuna simu.
Sikuuliza ipi. Nilikuwa juu ya stuli,
utepe mdomoni.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini.
Watoto wa ploti nzima kwenye ngazi, na mifuko yao.
Giza. Kipandio cha sita. Bundi.
Mmoja akapiga yowe la furaha, wengine wakamdandia.

Kisha, jambo ambalo sikulipanga.
Taa ya sebuleni ikaacha wekundu,
ikawa rangi ya samli.
Pazia likajifunga, likatulia.
Jikoni birika likaanza kuunguruma.
Redio ikajitafutia rumba, kwa sauti ya chini,
ya mtu aliyetoka kazini na kichwa kinamgonga.

Kwenye simu yangu, mstari mmoja:
Mwongeli amefika nyumbani.

Benki tuliiambia. Kanisa, chama, bima,
hata mwenye duka aliyekuwa akimwekea maziwa.
Nyumba hatukuiambia.
Amri niliiandika mwenyewe, miaka mitatu iliyopita,
nikijisifu: simu yake ikishika mtandao wa hapa,
mpokee.
Miezi kumi na minne imekaa macho, ikimngoja,
wala haikununa.

Kathini alikuwa mlangoni pa choo,
mkononi simu yenye ufa pembeni.
"Nilidhani haiwaki," akasema.

"Anko," mtoto mmoja akaniita,
"hiyo ya birika haitishi."
Nikawagawia peremende. Wakateremka
wakibishana nani alikimbia kwanza.

Susu hajui mtandao ni nini.
Alijua maji yamechemka.
Akatoa vikombe, akavihesabu, akasita,
akarudisha kimoja kabatini,
akakitoa tena.

Nilikuwa nimefungua mipangilio.
Futa amri hii? Ndiyo. Hapana.
Simu ya Mwongeli ilikuwa na asilimia kumi na moja,
kisha kumi.
Chooni bundi akalia, kwa ratiba yake.
Kathini akaniangalia kidole,
akaenda kutafuta chaja.