Daftari la Kuzikana

Jalada limefunikwa kitenge cha kiwanda chetu,
kile cha ndege wenye rangi ya kutu
ambacho kila nyumba ya Walukuba iliwahi kukivaa,
kukitandika, kisha kukifanya tambara la sakafu.
Mama Nyafwono amenikabidhi jana.
Macho yameniacha, akasema. Andika wewe.
Usifute mtu.

Ukurasa wa kwanza ni wino wa buluu,
mwandiko wa karani Isabirye, aliyekufa sijazaliwa:
*Safu ya pili, mlango wa tisa. Mtoto wa Adriko.
Sanda mita mbili. Shilingi kumi na nane.*

Adriko alitoka Arua juu ya lori la tumbaku
akaonyeshwa chumba: kimoja, jiko nje,
bomba moja kwa milango kumi na sita.
Wenye maduka walikaa mjini,
Wazungu kando ya ziwa, penye nyasi za kukatwa,
na sisi huku, upepo unakopeleka moshi.
Ndivyo Jinja ilivyopimwa, kwa kamba.

Ila kamba haikufika bombani.
Bombani Mpadhola alimruka Mteso kwenye foleni,
Mteso akamtukana Msamia aliyecheka,
na tusi likatoka kwa Kiswahili,
maana ndicho pekee kilichowatosha wote:
kibovu, ngeli zimeteguka viungo,
Kiswahili cha zamu ya usiku.
Nami ndicho nilichonyonya.

Ukurasa wa thelathini na moja.
Wahindi wamepewa siku tisini.
Fundi mmoja wa mitambo ya kufumia
alipita safu ya pili akigawa sufuria,
cherehani, na kasuku aliyejua Kigujarati.
Kasuku aliishi kwa Bi Zamzam miaka sita
akiita watu ambao hawapo.
Alipokufa wazee walibishana hadi usiku:
je, ni mwanachama?
*Kasuku. Boksi la viatu. Bila malipo.*

Halafu kurasa nne, tupu.
Nikadhani karani aliugua.
Si tupu hizo, Mama Nyafwono akasema, gusa.
Nikapitisha kidole. Karatasi ina makovu.
Miaka ile gari lilikuja usiku bila namba,
likaondoka na mtu, na sisi hatukupata cha kuzika.
Kuandika jina ilikuwa kujitafutia gari lako.
Basi Isabirye aliandika kwa kalamu iliyokauka,
akikandamiza.
Wanane kwenye ukurasa wa pili pekee.
Wa tisa unaanza na *Isa*, hauishi.

Sikuuliza ni nani aliyeshika kalamu baada yake.
Mwandiko unaofuata ni wa mama huyu,
herufi kubwa, zimeegemeana kama walevi,
na king'ora cha kiwanda kimeshanyamaza.
Naujua ukimya ule. Nilikuwa na miaka saba.
Alfajiri watu waliamka palepale kwa mazoea,
wakasimama mlangoni na miswaki mdomoni,
wakitazamana.
Vyuma vya mitambo viliuzwa kwa kilo.
Wanawake wakaanza kuanika mukene juu ya bati,
na paka wa mji mzima wakahamia kwetu.

Sasa kijana wa manispaa amepita na rangi nyekundu,
amechora alama milangoni. Ghorofa zinakuja, anasema.
Mlango wa tisa amechora mara mbili,
rangi ya kwanza watoto waliigeuza goli.

Leo nimeandika la kwanza langu.
*Safu ya tano, mlango wa kumi na mbili. Mzee Ikwap.
Sanda mita nne. Elfu sitini na mbili.*
Nikamsomea kwa sauti, mara mbili, polepole.
Akatikisa kichwa.

Umekosea. Andika mita tano.
Wewe hukumwona Ikwap alipokuwa golikipa.

Nikaandika tano.
Ile nne nimeiacha, inaonekana chini.