Shavu la Mguu

Wodi ya wanawake, Ibra, saa nane za usiku.
Nje joto bado limelalia paa za magari,
ndani kiyoyozi kinatugandisha vidole.
Mimi mwaka wa tatu, sare kapiga pasi mama,
nina mtihani wa dawa Jumapili,
na karatasi za warfarini nimezikunja nne
mfukoni, pamoja na kalamu isiyoandika.

Wiki nzima nimekuwa nikilidunga chungwa sindano.
Chungwa halisemi, "Polepole, mwanangu."

Kitanda cha sita: Bi Shinuna binti Hamud,
miaka sabini na tisa,
kaanguka bafuni, nyonga imeshatiwa chuma.
Fomu inataka maumivu kwa tarakimu,
sifuri mpaka kumi.
Namuuliza kwa Kiarabu, kama nilivyofunzwa.
Ananijibu: saba.
Naandika saba.

Nilikwisha geuka, mkono juu ya pazia,
ndipo sikio likanirudisha.
Saba yake haikuwa na ile herufi ya kooni.
Ilikuwa laini, tupu katikati,
saba ya jikoni kwa bibi yangu, Bidiya,
ya kuhesabia chapati.

Lugha hiyo shuleni niliificha
kama soksi iliyotoboka:
mradi sivui kiatu, nani ajue?
Nikavua.
"Bibi, saba ya wapi?"

Akafumbua macho
kama aliyeitwa kwa jina la utotoni.
"Nyonga haina neno, nimeshaizoea.
Ni huku, mguu huu mzima,
shavu la mguu.
Tangu alasiri linapwita, lina moto.
Nimewaambia. Wakaniongeza blanketi."

Shavu la mguu!
Kitabuni msuli ule una jina la Kilatini,
refu, la kukariri ukitembea,
nami nililipatia alama mbili
bila kufikiri hata siku moja
kwamba mguu nao una uso.
Nikafunua shuka.
Shavu limeiva, limevimba, linang'aa,
kama la mtu aliyesemwa mbele za watu.

"Nikande kidogo."
"Hapana, Bibi. Hapakandwi hapa."
"Basi miaka mitatu umesomea nini?"

Hilo la kutokanda, ndilo hilo nililosomea,
lakini sikumwambia. Nilikwenda mbio
kumwita Sista Leelamma,
ambaye hakimbii kamwe, viatu vyake vinanong'ona tu.
Akapima kwa tepu mguu huu, akapima ule.
Sentimita nne.
Akapiga simu kabla hajaikunja tepu.
Kwangu alisema neno moja tu la sifa, nalo si sifa:
"Uliandika saba. Saba iko wapi kwenye mwili?"

Daktari wa zamu akaja, nywele zimelala upande mmoja.
Mashine ya kupiga picha ikavutwa, gurudumu linalia.
Sista akanipa mimi sindano.
Tumboni, vidole viwili mbali na kitovu,
ngozi ya Bi Shinuna nyembamba kama ya kitunguu,
nami nimeshika pumzi.

"Polepole, mwanangu."

Alfajiri alilala.
Nikampigia bibi simu nikiwa basini,
nikamwomba maneno yote ya kuumwa anayoyajua.
Akacheka: "Unaumwa?" Kisha akaanza,
nami nikaandika nyuma ya karatasi za warfarini,
kwa kalamu ya kuazima kwa dereva.

Jumapili, swali la kumi na nne:
nini huzuia nguvu ya warfarini damu ikizidi kutoka?
Nilijua. Wallahi nilijua.
Nikaandika vitamini, na herufi ikanitoka.
Alama ikaenda hivyo hivyo.

Karatasi ninazo bado, zimelainika kwenye mikunjo.
Mbele vipimo na saa za dawa.
Nyuma, mwandiko unaoruka kila basi liliporuka:
kichwa kuwanga, tumbo kusokota,
kukeketa, kuchonyota, kufukuta.
Bibi anasema hajamaliza.