Jumatano, Kabla ya Picha ya Kifua

Miadi ya baba ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi.
Tulishuka treni ya kutoka Voi Jumanne usiku,
kwa hiyo Jumatano ikatubakia mkononi
kama chenji ambayo mtu hajui aitumieje.
"Nipeleke popote," akasema, "ila si madukani."

Nikampeleka Karura, kwenye mapango.

Tulipewa kofia ngumu za manjano.
Ya baba ilikuwa na ufa mdogo kando ya sikio.
Akaipindua, akaibonyeza kwa gumba, akairudisha,
akaomba nyingine kwa sauti ya mtu
aliyewahi kuona jiwe likikata shauri kuanguka.

Kiongozi wetu, Gathogo, alikuwa na tochi mbili
na hotuba moja aliyoikariri barabara:
hapa wanasema walijificha wapiganaji,
hapa walipika, moshi ukapotelea nyufani,
hapa, dada, inamisha kichwa.
Baba hakusikiliza. Alikuwa anagonga ukuta
kwa kifundo cha kidole cha kati,
ngo, ngo, kisha anatega sikio,
vile daktari angemgonga yeye mgongoni kesho yake.

Miaka ishirini na mitatu kule Kasigau
alishuka kwa kamba kutafuta jiwe la kijani.
Jiwe lenyewe sikuwahi kuliona.
Vumbi lake nalijua: nililifua mashatini
kila Jumamosi, maji matatu, na bado
kamba ya nguo ilibaki na mstari wa kijivu.

Tulipofika penye mlango mwembamba
Gathogo akasimama. "Wazee huishia hapa."
Kugeuka, viatu vya baba tayari vinatokomea
shimoni, soli juu, kimoja kimefungwa kwa waya.
"Mzee! Huko wageni hawapiti!"
"Nani mgeni?" likajibu shimo.

Nikamfuata. Ningefanyaje?
Tumbo chini, viwiko kwenye tope la popo,
harufu kali ya mkojo ukinichoma macho,
na katikati ya pito lile jiwe likanishika
mbavuni, bila hasira, kama mtu
anayekuzuia mlangoni akuulize jina.
Nikavuta hewa. Likakaza. Nikavuta tena.
"Mkawasi," ilisema sauti mbele yangu, karibu sana,
"usishindane nalo. Toa pumzi. Yote.
Uwe kidogo. Sasa songa."
Nikatoa, nikawa kidogo, nikasonga.

Upande wa pili palikuwa na nafasi ya kukaa wawili.
Tochi ikazimika, au aliizima.
Hapo ndipo kikohozi kikampata,
kile cha usiku, kile anachodai ni cha baridi.
Kuta zikakipokea, zikakirudisha
kutoka kulia, kutoka juu, kutoka mbali,
hadi ikawa si baba peke yake anayekohoa
bali zamu nzima ya wachimbaji, gizani,
kila mmoja akimjibu mwenzake.
Popo wakaturuka nyusoni.
"Umewasikia?" akauliza, akicheka.
Sikumuuliza ni akina nani.

Nje, jua lilituumiza.
Tulikula mayai ya kuchemsha chini ya mianzi,
kima mmoja akituhesabia.
Baba alifuta mdomo, akatazama leso,
akaikunja haraka kuwa nne, kuwa nane.
Mimi nilikuwa nammenyea Gathogo yai,
na niliendelea kummenyea
hata lilipokwisha kuwa jeupe kabisa.

Alhamisi, chumba nambari sita.
Mlango haukufungika vizuri, nikasikia yote:
"Mzee, bandika kifua hapa. Mikono kiunoni.
Vuta pumzi ndani. Izuie. Usiitoe."
Kimya. Mashine ikanguruma, ikanyamaza.
Kisha baba, kwa ukali wa mtu wa kazi:
"Kijana, nani alikufundisha?
Mahali pembamba hivi, mtu hutoa."