Deni la Jumatatu

Hortensia alipima kwa uzi mweupe,
ule wa kupindia suruali za watu,
juu ya tufe la shule lenye ufa kwenye ikweta:
kidole kimoja Santiago, kingine Auckland,
na kati yake buluu tupu,
buluu isiyo na kisiwa cha kuchomekea sindano.
Uzi ukatoka shubiri moja na ukucha.

"Kilomita elfu tisa na mia sita," kijana wa tiketi alisema,
"saa kumi na tatu, mama, bila kutua."

Bila kutua. Neno hilo lilimkaa kooni.
Marehemu Arnoldo alikuwa mtu wa reli,
umbali aliuhesabu kwa stesheni:
kutoka Talca, Curicó ni kikombe cha chai,
San Fernando mkate na parachichi,
Rancagua usingizi wa kuibia.
Angeuliza: na hapo katikati, mtu anashukia wapi?

Miaka sita mjukuu alimpigia simu kutoka kesho.
"Bibi, huku ni Jumamosi."
"Kwangu bado Ijumaa, Tamati. Kesho kukoje?"
"Kuna mvua."
Naye akatoka akaanua nguo.

Aliondoka Jumapili, saa tano na nusu usiku.
Ndege na giza vikaenda sako kwa bako,
alfajiri ikawafuata nyuma, haiwafikii,
hadi walipotua saa kumi, bado kiza,
na sauti ikawakaribisha: leo ni Jumanne.

Jumanne?
Alipekua mkoba, kana kwamba Jumatatu imejibana
baina ya pasipoti na miwani.
Akakuta mshumaa tu, ndani ya soksi,
alioubeba makusudi, auwashe ugenini
siku Arnoldo anapotimiza mwaka wa nne kaburini.
Siku yenyewe ilikuwa imeyeyuka chini ya bawa
yeye akigawiwa kuku kwenye sahani ya plastiki.
Ismael, mwanawe, alicheka: "Ni mstari tu baharini, mama."
Ngaire, mkewe, hakucheka. Alimshika mkono.

Wiki tatu bibi na mjukuu wakagawana leo moja.
Mvua ikinyesha, iliwanyeshea wote.

Kurudi ni saa kumi na moja, upepo husukuma mgongoni.
Alhamisi saa kumi na mbili jioni akawapungia;
akashuka Santiago Alhamisi ileile, saa saba mchana,
saa tano kabla hajaondoka.
Jua lilikuwa pale pale lilipokuwa
alipokuwa akimenya viazi jikoni kwa Ngaire.
Watu wakakimbilia mizigo. Yeye akasimama,
mtu aliyerudishiwa chenji asiyoidai,
kisha akakumbuka kwamba anaidai.

Basi la Talca. Teksi. Lango la makaburini,
saa moja kasorobo, sanduku bado lina karatasi ya uwanja wa ndege.
Bawabu alikuwa na funguo mkononi.
"Nafunga, mama. Tena leo Alhamisi, hakuna misa."
"Leo ni Jumatatu," alisema, akapita, magurudumu yakilia kokotoni.

Kiberiti kilikataa mara mbili.
"Hakuna stesheni, Arnoldo," akamwambia mwali ulipotulia.
"Nimechungulia njia nzima, hata moja.
Nilikupita usingizini. Imebidi nigeuze."